Siku Tuliyokataa Kumpunguza Mwanakheri

Mji wetu una adabu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu yatakayofuata yanaweza kukufanya udhani tulikuwa wakatili, na hatukuwa. Hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kumkata mwenzake kauli. Hakuna anayepita mlangoni pa jirani bila kumjulia hali, na hakuna anayejuliwa hali akasema zaidi ya anavyotakiwa. Tupo tu, tunasema. Tunaishi tu. Nimekuja kukuona tu, sina shida. Ni mafua tu. Ni njaa tu, itapita. Kaa kando ya njia usikilize, utalisikia neno hilo mwisho wa kila sentensi, na ukilisikia kwa muda mrefu utaanza kujiuliza kama kuna chochote ambacho watu hawa wamewahi kukisema chote.

Mimi nimejiuliza maisha yangu yote, na maisha yangu ni marefu, ingawa katika mji huu umri haukai mahali pamoja. Kuna asubuhi naamka na mvi kichwani na jioni Mama ananiosha miguu kwenye karai. Nani alituwekea neno hili mdomoni? Maana hakuna anayezaliwa nalo. Mtoto mchanga hulia kilio kizima. Halii kwa kiasi, haombi radhi, hasemi samahani majirani. Anataka titi, na dunia nzima kwake ni titi. Halafu ipo siku moja, siku ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuiona ikipita, mtoto huyo huyo anaulizwa una nini, naye anafuta machozi na kusema: nalia tu. Siku hiyo anakuwa raia. Wengine hufurahi na kusema amekua. Mimi huwa natamani kumrudisha alikotoka.

Juu ya mji kuna kilima, nacho tunakiita Juu, hakina jina jingine. Wanaokaa Juu hawalitumii neno letu. Si kwamba wamelipiga marufuku. Hawana mahali pa kulitia. Mtu wa Juu akiulizwa yeye ni nani, hujitaja jina, akanyamaza, na ukimya unaofuata ni mpana kiasi kwamba unaweza kutandika jamvi ndani yake ukalala. Sisi tukiulizwa, tunaharakisha kuufunga ukimya kabla haujatutia aibu. Mimi ni mwashi tu. Mimi ni mke wa fulani tu. Sijui kipi kilianza. Huenda wao walichukua ardhi yote kwanza, nasi tukajifunza kuwa wadogo ili tutoshe kwenye kilichobaki. Au sisi ndio tulianza kuwa wadogo, wao wakatazama chini wakaona nafasi tele haina mtu. Nimelifikiria hili mpaka kichwa kimeniuma, na bado sijui.

Makaburi yetu yako kwenye ukanda mwembamba chini ya ukuta wa Juu. Hayatoshi, hayajawahi kutosha. Kwa hiyo wafu wetu hupunguzwa, na kazi hiyo ni yangu.

Mimi ni mtajaji. Mtu akifa hulazwa uani juu ya jamvi, akafunikwa shuka jeupe, watu wakakaa kumzunguka, nami adhuhuri nikasimama miguuni pake na kutaja alikuwa nani. Kwa desturi hutajwa jambo moja. Nasema, "Alikuwa mpishi." Kisha nanyamaza. Na watu wote, kwa sauti moja, kwa upole kabisa, hujibu: "Tu."

Hapo shuka hulegea. Hakuna moshi, hakuna ngurumo. Shuka hulegea polepole, na ukilifunua unamkuta mpishi amekuwa na urefu wa mwiko, uso wake ule ule, mikono imepangwa vizuri kifuani, ametosha kwenye shimo alilochimbiwa asubuhi. Watu husema amepumzika. Kisha huenda kula.

Baba yetu alikuwa mwashi. Ndiye aliyejenga makaburi ya Juu, yale mapana yenye matao, ambamo mtu mmoja hulazwa na akabakiwa na nafasi ya kugeuka ubavu. Alirudi jioni na chokaa kwenye nyusi, akaketi kwenye kibao, dada yangu Mwanakheri akamkuna mgongo huku yeye akitusimulia.

"Kule hawajibu," alisema. "Mtajaji wao anataja, halafu watu wanakaa kimya. Wanakaa hivyo hivyo mpaka jua linazama. Likizama bila jibu, maiti anazikwa alivyo, kwa kimo chake."

"Na sisi nani ametukataza kukaa kimya?" Mwanakheri aliuliza.

Baba akajipangusa chokaa kwenye nyusi. "Hakuna. Sheria ni moja, kwao na kwetu."

"Sasa mbona tunajibu?"

Baba aligeuka akamtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini watu hupiga hodi. "Si adabu, mwanangu. Mtu amesema mbele yako, utamwachaje hivi hivi?"

Alipokufa alibaki na urefu wa mwiko wake wa kupigia lipu. Sikumbuki kama siku ile nilikuwa mtoto niliyejibu pamoja na wengine au nilikuwa mtajaji niliyemtaja. Nadhani nilikuwa wote wawili. Nakumbuka sauti yangu ikitoka miguuni pa maiti na nakumbuka sauti yangu ikitoka nyuma, kwenye kundi, nyembamba, ikimalizia. Mama alimbeba kwenye beseni la kufulia. Mtu aliyejenga nyumba za wafu wenye nafasi ya kugeuka ubavu alizikwa kwenye shimo ambalo kuku angelichimba kwa miguu. Na uani pale pale, katikati ya midomo yote iliyofunguka, niliuona mmoja uliofumbwa. Mwanakheri hakujibu. Tangu siku ile hakumjibu maiti yeyote, akaenda kila msiba na kukaa mbele kabisa, mdomo kaufumba, macho makavu, na watu wakajifunza kutomtazama.

Inabidi nimseme Mama pia, maana bila yeye huwezi kuielewa siku yenyewe. Mama alitulea kwa kutupunguza, na alifanya hivyo kwa mapenzi. Aliogopa macho ya watu. Mtoto akisifiwa hadharani, jicho humwandama, akaugua, akadumaa, akaanguka kisimani. Ndivyo alivyoamini, ndivyo wanavyoamini mama wote wa mji huu. Kwa hiyo jirani akisema, "Binti yako huyu ana akili kweli," Mama alikuwa tayari kabla sentensi haijatua. "Ah, wapi! Mtoto wa kawaida tu huyo. Tena mvivu!" Na mkono wake ukawa umeshatuvuta nyuma ya kanga. Kule nyuma ya kanga, penye harufu ya iliki na moshi, alitubinya mabega kwa nguvu ili tujue kwamba alisema uongo. Nilikua nikidhani mapenzi ni kitu kinachosemwa kinyume na kubinywa kwa siri. Bado nadhani hivyo.

Mwanakheri aliuza uji kwenye kona ya soko. Huko ndiko kila mtu alikomjua, na kila mtu alijua atakuwa nani siku ya mwisho: muuza uji, na jibu lake, na urefu wa upawa. Watu walinunua uji wake wakimpima kwa macho.

Kisha akaugua. Kila aliyekuja kumwona alisimama mlangoni akasema, "Ni homa tu, utapona," akaacha machungwa, akaondoka. Walimaanisha mema. Lakini mimi niliyekaa pale niliona neno lile likifanya kazi yake kabla ya wakati. Leo miguu yake inagusa ubao wa kitanda, kesho haiufikii. Homa tu. Uchovu tu. Mawazo tu. Nikataka kufunga mlango, Mama akanikataza, alisema watu watatuonaje.

Mchana mmoja Mwanakheri alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Usije ukanitaja jambo moja," alisema.

"Nitaje lipi basi?"

"Yote. Usimalize."

"Watajibu, Mwana. Unawajua."

"Mtu hajibu mwenzake hajamaliza. Si ndiyo adabu yenu? Wewe ukifika mwisho wa sentensi, sema na. Ukifika tena, sema na. Mpaka jua lizame." Akaanza kucheka. "Nataka kuona uso wa Kadiri mpimaji akinichimbia shimo la mtu mzima." Alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza, na kikohozi hakikwisha.

Asubuhi ya mazishi Mama alinikamata jikoni. Hakulia. Alinishika kola ya kanzu kwa mikono yote miwili, nami nikawa tena na umri wa kushikwa kola.

"Usimpunguze mwanangu."

"Mama, kazi yangu ni..."

"Baba yako nilimbeba kwenye beseni. Nikanyamaza. Nilisema, ndivyo watu wanavyofanya. Huyu sitambeba kwenye beseni. Umenisikia, baba? Azikwe na miguu yake. Azikwe na mgongo wake ule mrefu. Nimeuzaa, naujua urefu wake."

Nikamwambia nitajaribu. Nilizunguka kwa majirani nyumba kwa nyumba kuwaomba wasijibu. Wengine walitazama chini. Mzee Chande, ambaye sauti yake ndiyo huanza na wengine wakafuata, alinisikiliza huku akiutafuna mswaki wake. Alikuwa amewahi kulala miezi mgongo ukimkatalia, na Mwanakheri ndiye aliyempelekea uji na kumkemea mpaka akanywa.

"Nitauma kilemba changu," alisema hatimaye. "Mdomo huu siuamini. Umejibu watu wengi mno."

Nilipotoka kwa majirani nilimkuta Bwana Kadiri, mpimaji wa makaburi, tayari yuko makaburini. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Ana kamba yenye mafundo na kijembe kifupi, na uso wa mtu anayekuhurumia kwa mambo ambayo hata yeye hayawezi. Shimo alikuwa ameshalichimba. La upawa.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Kwani huwa inakuwaje?" alisema. "Sijawahi kumlazimisha mtu kujibu, wewe unajua. Nikikuta maiti mzima jua limezama, nitachimba kaburi zima. Nitavunja ule ukuta wa Juu ikibidi, sheria inaniruhusu. Sijawahi kukuta."

"Leo utakuta."

"Inshallah," akasema, na nikaona kwamba alisema kweli, alikuwa angependa kukuta. Nilitamani awe adui. Adui ningemshinda au angenishinda, ningejua nimesimama wapi. Lakini nilisimama mbele ya mtu aliyechoka mwenye kijembe, na nyuma yake hapakuwa na mtu mwingine, na nyuma ya hapo hapakuwa na mtu pia, ukuta mtupu, na juu ya ukuta ukimya wa wenye nafasi.

Adhuhuri ikafika. Watu wakakaa. Mama akakaa kichwani pa maiti, mikono juu ya magoti. Mwanakheri alikuwa mrefu chini ya shuka, kifo kilikuwa kimemrudishia kimo ambacho homa ilimnyang'anya, na vidole vyake vya miguu vilitokeza mbele yangu. Nikavuta pumzi.

Alikuwa muuza uji, nikasema, na nikaiona midomo ikifunguka, na sikuiacha, nikasema na, na alikuwa mtu wa kupenda ukoko kuliko wali, na alikuwa akigombana na mlango wa nyumba yetu kila asubuhi kwa sababu ulivimba wakati wa mvua, akiuita mlango majina ya watu wa Juu, na alikuwa mwoga wa mende na si mwoga wa kitu kingine, na alikuwa binti wa mtu aliyerudi na chokaa kwenye nyusi, na ndiye aliyemkuna mgongo, na alikuwa mwongo, alidanganya kila mtu kwamba uji wake una siri na hauna, ni mtama na ndimu na subira, na alikuwa mke kwa muda mfupi wa mtu aliyemwambia wewe ni mke wangu tu, akafunga mzigo kabla mwanamume hajamaliza chai, na

Na niliona midomo ikifumbwa mmoja mmoja. Hii sikuitarajia. Nilitarajia kupigana nao, kumbe walikuwa wakisikiliza. Mzee Chande ameuma ncha ya kilemba, macho yamemtoka. Wanawake wa upande wa pili wanatikisa vichwa, ndiyo, ule mlango, tunaukumbuka. Jua likasogea.

na alikuwa na sauti mbaya ya kuimba na aliimba, na alikuwa akisahau majina ya watu na kukumbuka nani hali pilipili, na alikuwa na chuki, alichukia kwa muda mrefu na kwa uaminifu, na alikuwa na mtoto ambaye hakufikisha meno, na hakuwahi kusema alikuwa mchanga tu, watu walipomfariji kwa neno hilo aliwafukuza, alisema alikuwa mtu mzima katika umri wake, na alikuwa amesimama pale kwenye kona mvua ikinyesha, nimesimama, naona maji yakiingia kwenye moto wangu, na mteja ananiambia nipe kidogo tu, na nilikuwa namjazia, kila aliyesema kidogo tu nilimjazia mpaka pomoni kwa hasira

Nikashtuka. Nilikuwa nimeanza kusema nilikuwa. Sikujua ni tangu lini. Nilitazama mikono yangu na kwa kitambo iliungua kwa mvuke wa uji ambao sikuwahi kuupika, nilitazama chini ya shuka na sikuwa na hakika ni nani kati yetu aliyelala na nani aliyesimama. Labda ndivyo ilivyo ukimtaja mtu bila kumaliza, unamwingia. Labda ndiyo maana tunamaliza haraka. Mtu mmoja akiachwa bila mpaka, nani ajuaye atafika wapi; atapita kwenye nyua zetu zote, atakaa vitandani mwetu, tutalazimika kuwa yeye na yeye kuwa sisi, na kazi zitafanywa na nani? Nilifikiri haya yote huku mdomo ukiendelea wenyewe.

na alikuwa, na alikuwa, na

Koo lilianza kukauka. Vivuli viliingia uani kutoka upande wa ukuta. Bwana Kadiri alisimama akaenda kutazama magharibi, akarudi, na alipokuwa akirudi niliona ameshika jembe refu. Sijui alilitoa wapi. Alikuwa amelisafisha. Akalisimamisha kando ya kijembe chake, akaketi, akakunja mikono ya shati. Watu wote walimwona. Pumzi moja ilipita uani, na nikajua kwamba wote walikuwa wanataka. Si mimi na Mama peke yetu. Waliokuwa na baba zao kwenye mashimo ya kuku, waliokuwa na watoto wao kwenye vishimo vya kufunikwa kwa vizibo vya chupa, wote walitaka kuona mara moja, kwa macho yao, mtu wa mji huu akiteremshwa kaburini kwa kimo chake. Nililia bila kuacha kusema. Furaha ile iliniuma.

Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya paa la soko, jekundu.

Hapo sauti ikanikatika. Nilifungua mdomo kusema na, haikutoka. Nilijaribu tena, ikatoka hewa. Ukimya ukaingia uani, ule ule wa Juu, mpana, tusiouzoea, na ukakaa katikati yetu juu ya shuka. Nikamtazama Mzee Chande: jasho linamtoka, kilemba kimejaa mdomoni. Nikawatazama wengine: wamejiziba kwa viganja, kwa kanga, mama mmoja amelala kifudifudi. Hakuna aliyejibu. Sijawahi kuupenda mji huu kama nilivyoupenda wakati ule. Nafasi ya kujibu ilikuwa wazi mbele yao na wote waliiacha, na jua likaendelea kushuka, na nikajua tumeshinda, ilibaki kunyamaza.

Nami ningenyamaza. Lakini sauti ilinirudia, kidogo, ya mkwaruzo, na moyo ulikuwa umejaa. Nilitaka kumpa Mama kitu. Nilitaka asikie mbele ya watu kile ambacho hakuna aliyewahi kumwambia bila yeye kukikwepa. Nikamgeukia.

"Mama," nikasema, "mwanao alikuwa mkubwa kuliko mji huu wote."

Watu wote wakamtazama. Macho yote ya uani, mamia ya macho, yakamwangukia yeye na mtoto wake aliyelala wazi bila ulinzi. Niliuona mkono wake ukiruka kutoka gotini. Ukaishika ncha ya kanga, ukaivuta juu ya uso wa Mwanakheri kumficha, na mdomo wake ulikuwa tayari, kama ulivyokuwa tayari maisha yake yote.

"Ah, wapi," Mama alisema. "Mtoto wa kawaida tu huyo."

Hakuisikia sauti yake mwenyewe mara moja. Sisi tuliisikia. Mzee Chande alitema kilemba na kulia kwa sauti. Mama alitutazama mmoja mmoja, akishangaa tuna nini, halafu nikaona likimfikia. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akabana, kana kwamba neno lingali ndani na linaweza kuzuiwa.

Shuka likalegea. Vidole vya miguu viliondoka mbele yangu, taratibu, chini ya kitambaa, vikirudi kwake. Nilipiga magoti nikakamata shuka kwa mikono, nikalivuta kama mtu anayeweza kumrefusha mwenzake kwa kumvuta, nikabaki na kitambaa kitupu. Jua lilizama kitambo kidogo baadaye. Hakuna aliyeangalia.

Hakuwa na urefu wa upawa. Hilo lazima niliseme. Mama alipofunua kanga, Mwanakheri alikuwa na ukubwa wa mtoto aliyezaliwa siku hiyo, uso wake wa mtu mzima umekunjamana kidogo, ngumi zimefumbwa. Shimo la Kadiri halingemtosha. Bwana Kadiri alilitazama lile jembe refu lililosafishwa, akaliegemeza ukutani, akachukua kijembe chake, akatangulia makaburini kuongeza shimo shibiri moja. Aliondoka ameinamisha kichwa sana ili tusimwone uso.

Mtu alileta beseni. Mama alilisukuma kwa mguu. Alimwokota mwanawe kwenye jamvi, akamweka begani, akampapasa mgongo juu na chini, mgongo mfupi sasa, kama anavyocheulishwa mtoto baada ya kunyonya. Mdomo alikuwa bado ameufumba, na nilidhani hatasema tena maishani.

Tukatoka. Watu walifuata nyuma, wakiwa wapole, na njiani nikasikia mmoja akimuuliza mwenzake anaendeleaje, na mwenzake akajibu kwamba yupo tu. Nilikuwa na hasira ya kuwapiga wote. Nilikuwa na hasira kwa Mama pia, nayo haikuwa na pa kwenda, maana nilimwona anavyotembea, anavyouinamisha mwili wake wote upande mmoja kumkinga yule aliye begani na macho ya watu.

Karibu na ukuta alianza kuyumba. Mwinuko ule ni mkali, na yeye ni mzee, siku ile alikuwa mzee.

"Nikupokee, Mama," nikasema. "Utachoka."

Hakusimama. Alimsogeza vizuri begani, akambinya, kwa nguvu, kwa siri, kama alivyokuwa akitubinya nyuma ya kanga.

"Hapana, baba," akasema. "Mwepesi tu."